Uzamili wa kuchunguza ukosefu wa usawa: Uchague taaluma ipi?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Huenda walisema kweli kuhusu shamba, lakini mwanafunzi anayetaka kujitosa katika masomo ya uzamili au uzamifu ili achunguze ukosefu wa usawa katika jamii hana budi kuchagua jembe, tena kwa makini. Jembe lenyewe ni taaluma atakayojisajili kuisomea. Taaluma hiyo ndiyo itakayoamua ni maswali gani atakayouliza, ni ushahidi wa aina gani utakaokubaliwa na watahini wake na, hatimaye, ni ofisi zipi zitakazomfungulia milango baada ya kufuzu.

Wengi hujaza fomu za maombi kwa kuangalia jina la kozi tu. Wakiona neno "maendeleo" au neno "jamii" huona wamefika. Kosa lao hugunduliwa mwaka wa pili wanapoanza kuandika pendekezo la utafiti, na wakati huo karo imekwisha kulipwa, pengine kwa mkopo wa chama au kwa ng'ombe waliouzwa na wazazi.

Kwamba suala lenyewe lina uzito si jambo la kubishaniwa. Utafiti wa bajeti za familia uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mnamo 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa wakiishi katika umaskini. Wastani huo ulificha mengi. Katika Kaunti ya Nairobi, maskini walikuwa asilimia 16.7 ya wakazi, ilhali Turkana walikuwa asilimia 79.4. Takwimu ni zizo hizo, ila wasomi watano wa taaluma tano wakizitazama watauliza maswali matano yasiyofanana.

Usawa wa nini?

Mnamo 1979, mwanauchumi Amartya Sen, mzaliwa wa India ambaye baadaye alituzwa Nobel mnamo 1998, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliobeba swali fupi: Usawa wa nini? Hoja yake ilikuwa kwamba karibu kila mtu hutetea usawa wa aina fulani, na ugomvi hutokea pale panapohitajika kutaja ni kitu gani kisawazishwe. Je, ni pato? Ni mali? Ni haki mbele ya sheria? Sen alitoa mfano wa mtu mwenye ulemavu ambaye, hata akipewa pesa sawa na jirani yake mzima, hawezi kufanya nazo yale ambayo jirani anayafanya.

Swali hilo ndilo linalomfaa mwanafunzi kabla hajagusa fomu yoyote. Na aandike swali la utafiti wake kwa sentensi moja, kisha aisome kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Ikiwa sentensi inauliza pengo ni kubwa kiasi gani na sera ipi ingelipunguza, huyo anaelekea uchumi. Ikiuliza pengo lilianza lini na kwa njia gani, inamwita mwanahistoria. Ikiuliza nani aliamua na kwa manufaa ya nani, ni swali la sayansi ya siasa. Ikiuliza mbona mtoto wa maskini hurithi umaskini hata baada ya kusoma, hapo sosholojia ina mengi ya kusema.

Ili tofauti hizi zionekane bayana, tuchukue suala moja ambalo wasomaji wengi wanalifahamu, la maskwota wa Pwani, tulikabidhi kwa wasomi mbalimbali.

Mwanahistoria ataanza mbali. Atarudi hadi ukanda wa maili kumi uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, kisha atafika 1907, mwaka ambao utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Mwaka uliofuata, sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi wayathibitishe mbele ya maafisa wa kikoloni. Waliokuwa na nyaraka na mashahidi wenye hadhi walipata hati. Wamijikenda wengi, pamoja na wale waliokuwa wametoka utumwani, walijikuta wakilima udongo ambao kwa mujibu wa sheria ulikuwa wa mtu mwingine au wa dola. Frederick Cooper aliyaeleza mabadiliko hayo katika kitabu alichokichapisha mnamo 1980 kuhusu Zanzibar na pwani ya Kenya kati ya 1890 na 1925. Tabitha Kanogo naye, katika kitabu chake cha 1987, alifuatilia maskwota wa upande wa bara, waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi huko Bonde la Ufa, na nafasi yao katika chimbuko la Mau Mau.

Anayevutiwa na njia hiyo ajiandae kushinda katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi akipekua majalada yenye vumbi. Akiwa anaweza kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, anayo silaha ambayo wengi wa washindani wake kutoka ng'ambo hawana.

Mwanaanthropolojia hatapekua majalada, atahamia kijijini. Ataishi huko mwaka mzima, ale wanachokula wenyeji, ahudhurie matanga na harusi, na huko atagundua mambo ambayo hojaji haiwezi kuyanasa. Mathalan, Pwani mtu anaweza kumiliki minazi bila kumiliki ardhi ilimoota, kwa hivyo swali rahisi la "Je, una shamba?" linaweza kupata jibu la kupotosha. David Parkin alichapisha mnamo 1972 utafiti kuhusu Wagiriama ambamo alionyesha jinsi wakulima wachache walivyojilimbikizia minazi na ardhi za majirani zao, huku wakiwategemea wazee kama mashahidi wa mikataba hiyo. Hapo tofauti ya kitabaka inaonekana ikizaliwa ndani ya kijiji kimoja, miongoni mwa jamaa, kwa njia zinazoheshimiwa na wote.

Msomi wa siasa atauliza nani aligawiwa mashamba baada ya uhuru, na kwa amri ya nani. Karuti Kanyinga aliandika kuhusu jambo hilo hilo la ugavi wa ardhi na maskwota wa Pwani katika kitabu cha 2000, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma bado ni chemchemi isiyokauka kwa watafiti. Mwanasheria, kwa upande wake, ataifungua Katiba ya 2010 katika kifungu cha 27 kuhusu usawa na kifungu cha 43 kuhusu haki za kiuchumi na kijamii. Atalinganisha hali ya maskwota na ile ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambao makao yao yalibomolewa mnamo 2011 na ambao kesi yao iliamuliwa na Mahakama ya Juu mnamo Januari 2021.

Uchumi na mvuto wa tarakimu

Mwanauchumi naye ataomba data. Atataka kujua pato la familia zenye hatimiliki na zisizo nayo, na atajitahidi kutenganisha athari ya hati na athari ya mambo mengine kama vile elimu au umbali wa soko. Nguvu ya taaluma hii ni kipimo. Ndiyo iliyoleta matumizi mapana ya kipimo cha Gini, ambacho huwa sufuri pale ambapo kila mtu ana pato sawa na huwa moja pale ambapo mtu mmoja amejitwalia vyote. Serikali, Benki ya Dunia na wafadhili husikiliza tarakimu kuliko hadithi, na hilo halitabadilika hivi karibuni.

Kenya yenyewe imekuwa uwanja maarufu wa utafiti wa aina hii. Kuanzia 1998, Michael Kremer na Edward Miguel walichunguza mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75 za msingi huko Busia. Kwa kuwa shule ziliingizwa katika mradi kwa awamu, waliweza kulinganisha zilizoanza na zilizosubiri. Matokeo, yaliyochapishwa mnamo 2004, yalionyesha kuwa utoro shuleni ulipungua kwa takriban robo. Kremer alituzwa Nobel mnamo 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kueneza mbinu hiyo ya majaribio.

Hata hivyo, pana mambo mawili ambayo mwanafunzi aambiwe mapema. La kwanza ni hisabati. Uzamili wa uchumi unaofaa hudai kalkulasi, aljebra ya matriki na takwimu za kiwango cha juu, na mwanafunzi aliyemaliza shahada ya kwanza bila masomo hayo atalazimika kuyasoma upya, la sivyo atazama katika muhula wa kwanza. Muungano wa utafiti wa kiuchumi barani Afrika (AERC), ulioasisiwa mnamo 1988 na wenye makao yake Nairobi, ulianzisha mpango wa pamoja wa uzamili mnamo 1993 kwa ushirikiano na vyuo vikuu kadhaa vya bara hili, na sifa yake ya kukaza hisabati inajulikana.

La pili ni kwamba kipimo kina vipofu vyake. Majaribio kama ya Busia hueleza iwapo dawa fulani inafaa. Hayaelezi kwa nini Busia ilikosa dawa tangu mwanzo. Tafiti za nyumba kwa nyumba nazo huwanasa maskini vizuri kuliko matajiri, kwani mtafiti mwenye hojaji hukaribishwa chai Kibera lakini mtaani Muthaiga huenda akaishia kuzungumza na bawabu. Thomas Piketty, Mfaransa ambaye kitabu chake cha 2013 kilizua mjadala duniani kote, aliliepuka tatizo hilo kwa kutumia rekodi za kodi za karne nzima na zaidi. Mwanafunzi Mkenya anayetaka kumwiga aulize kwanza rekodi hizo zitapatikana wapi hapa kwetu, na nani atakayemruhusu kuzigusa.

Nyumbani mwa suala lenyewe

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ikiwa ukosefu wa usawa ndio kiini cha swali lako wala si kipengele chake kimoja, basi sosholojia ndiyo yenye mlango mpana zaidi. Suala la matabaka liko katika misingi yake. W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani Mweusi, alitembea mlango kwa mlango katika mtaa mmoja wa Philadelphia na kuchapisha matokeo yake mnamo 1899. Alionyesha kwamba hali duni ya Weusi wa jiji hilo ilitokana na historia ya utumwa na ubaguzi katika ajira na makazi, si maumbile yao. Pierre Bourdieu wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1979, alidai kuwa matabaka hurithishwa hata kupitia mambo yanayoonekana madogo kama vile muziki unaoupenda na namna unavyokula. Mkenya hahitaji kusafiri hadi Paris ili aelewe hoja hiyo. Atazame tu jinsi lafudhi ya Kiingereza na jina la shule ya upili vinavyomfungulia kijana mmoja mlango wa mahojiano ya kazi na kumfungia mwenzake mwenye alama zile zile.

Jambo la kuangalia ni kwamba katika baadhi ya vyuo vyetu sosholojia huunganishwa na mafunzo ya ustawi wa jamii. Mafunzo hayo ni muhimu na yana kazi yake, lakini humwandaa mtu kuhudumia familia zenye shida, si kuchunguza kwa nini shida ziligawanywa vile. Isome orodha ya masomo ya kozi, wala usitegemee jina lililo mlangoni.

Taaluma za maendeleo huwavuta Wakenya wengi zaidi, na zina urithi wa kujivunia. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo (IDS) ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa mnamo 1965. Mnamo 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulitoa ripoti kuhusu ajira, mapato na usawa nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyolieneza ulimwenguni wazo la sekta isiyo rasmi, ambayo sisi huiita jua kali. Anayetaka kuajiriwa na mashirika yasiyo ya kiserikali au serikali za kaunti atapata humo mchanganyiko unaofaa wa uchumi, siasa na mipango. Hatari yake ni ile ya mshika mawili. Kozi dhaifu humpitisha mwanafunzi juu juu katika taaluma nne bila kumfundisha mbinu hata moja ya kukusanya na kuchanganua ushahidi, na akifika kwenye uzamifu hukuta hana pa kusimama.

Afya ya umma husahaulika katika mazungumzo haya, na si haki. Utafiti ulioanza mnamo 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali ya Uingereza, ambao baadaye ulihusishwa sana na jina la Michael Marmot, ulionyesha kuwa kadiri cheo cha mtu kilivyokuwa cha chini ndivyo uwezekano wake wa kufa mapema ulivyoongezeka, ingawa hakuna miongoni mwao aliyekuwa fukara wa kukosa chakula. Hapa Nairobi, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika (APHRC) kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kufuatilia maisha ya wakazi wa Korogocho na Viwandani, wakihesabiwa waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Muuguzi au afisa wa kliniki anayetaka uzamili wa kuchunguza tofauti za kitabaka hana haja ya kuanza upya katika taaluma ngeni.

Kadhalika, wanafunzi wa Kiswahili wasijidharau. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini anayeketi kwa wiki moja katika mahakama ya hakimu atajionea jinsi mtu anavyoweza kupoteza haki yake kwa kutoelewa maneno yanayosemwa juu yake. Huo ni ukosefu wa usawa unaopimika, na mtafiti wa isimujamii ndiye mwenye vifaa vya kuupima.

Mipaka ina vinyweleo

Ikumbukwe kwamba taaluma hizi hazikujengewa kuta za mawe. Utafiti mmoja unaotajwa mara nyingi kuhusu siasa za upendeleo nchini uliandikwa na wanauchumi. Robin Burgess na wenzake, katika makala ya 2015, walichunguza ujenzi wa barabara za Kenya tangu uhuru. Waligundua kuwa katika vipindi visivyo vya demokrasia, wilaya zilizokaliwa zaidi na watu wa kabila la rais zilipata takriban mara mbili ya fedha za barabara zilizostahili kwa idadi ya watu wake, na kwamba upendeleo huo ulififia katika miaka ya vyama vingi. Swali lilikuwa la siasa, hesabu zilikuwa za uchumi, na ushahidi ulitoka katika ramani na vitabu vya bajeti vya zamani.

Kwa sababu hiyo, msimamizi ni muhimu kuliko jina la idara. Mwanafunzi wa jiografia mwenye msimamizi anayejua ramani za umaskini atafika mbali kuliko mwanafunzi wa sosholojia ambaye msimamizi wake ni bingwa wa mambo mengine kabisa. Kabla ya kuomba nafasi, soma yale ambayo wahadhiri wa idara hiyo wamechapisha katika miaka ya karibuni, kisha umwandikie mmoja wao barua fupi yenye swali lako la sentensi moja. Asipojibu baada ya kukumbushwa, umejifunza jambo fulani kuhusu miaka miwili iliyo mbele yako.

Upatikanaji wa data ni suala jingine la kuamuliwa mapema. Data za tafiti za KNBS hutolewa kwa watafiti wanaoziomba. Sampuli za sensa za Kenya za 1989, 1999 na 2009 zinapatikana kupitia mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na majibu ya Wakenya kwa hojaji za Afrobarometer yamekuwa yakikusanywa tangu 2003. Hivyo basi, mwanafunzi asiye na pesa za kuajiri wasaidizi anaweza kuandika tasnifu nzuri akiwa mezani pake. Anayekwenda nyanjani ahesabu muda wa kupata idhini ya kamati ya maadili na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), kwani wengi wamepoteza muhula mzima kwa kulisahau hilo.

Kuhusu kwenda ng'ambo, tofauti za mifumo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nchini Uingereza, uzamili kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na mwanafunzi hutafuta mfadhili. Chevening, kwa mfano, hudai tajriba ya kazi ya miaka miwili na humtaka mhitimu arejee kwao. Nchini Marekani, idara nyingi za uchumi, sosholojia na sayansi ya siasa humpokea mwanafunzi wa uzamifu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, humlipia karo na humpa posho kwa kufundisha, lakini safari hiyo hula miaka mitano, sita au zaidi. Hapa nyumbani, uzamili huhitajika kabla ya uzamifu, na faida yake ni kuwa karibu na watu unaowachunguza. Yupo mwanafunzi anayesomea umaskini wa Kenya akiwa mbali kwa miaka sita, akirejea kwa likizo ya majuma matatu kukusanya data. Hilo lina gharama ambayo haiandikwi katika barua ya ufadhili.

Kwa aliyefika hapa na bado anasitasita baina ya taaluma mbili, ipo njia isiyogharimu chochote ila nauli. Nenda katika maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, omba tasnifu tatu za kila taaluma zilizoandikwa karibuni kuhusu suala linalokukereketa, na usianze na utangulizi wala hitimisho. Fungua sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Humo mwandishi anaeleza alivyoamka, alivyowatafuta watu, alivyohesabu, alivyosikiliza au alivyopekua makaratasi, siku baada ya siku. Kazi inayoelezwa katika sura hiyo ndiyo utakayoifanya wewe kwa muda mrefu. Ukiisoma ukatamani kuwa mahali pake, chukua fomu za idara hiyo.